Nani Alimuua Bibi Mdogo

Kila aliyepita kidato cha tano na cha sita akisoma baiolojia anaikumbuka ATP. Tuliikariri kama kiitikio: sarafu ya nishati ya seli, inavunjwa inatoa nguvu, inaundwa upya, maisha yanaendelea. Wengi waliiandika kwenye karatasi ya mtihani, wakapata alama zao, wakaiacha hukohuko. Mimi nasoma ualimu, baiolojia na kemia, mwaka wa tatu, kwa hiyo sina pa kuiacha. Nitaifundisha mpaka nistaafu. Lakini siandiki hapa kwa ajili ya ualimu. Naandika kwa sababu ATP hiyohiyo imeingia kwenye ugomvi wa familia yetu, ugomvi wenye umri mkubwa kuliko mimi.

Kwetu ni Kifungilo, Lushoto. Ukiitaja Kifungilo, watu wengi wanakumbuka shule ya wasichana ya masista, na waliowahi kufika wanakumbuka baridi. Bibi yangu mzaa mama aliolewa hapo, lakini kwao ni upande wa Shume, ng'ambo ya msitu wa Magamba. Huko Shume ndiko alikofia mdogo wake mwaka 1988. Sisi wajukuu tunamwita bibi mdogo ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Hata picha hakuna. Alikufa ana miaka 24.

Bibi alikuwa amekwenda kumuuguza, kwa hiyo haya ninayoyasema ni ya aliyeshuhudia. Ilianza homa na kutetemeka. Siku ya pili bibi mdogo akawa anachechemea, ukimuuliza anasema amejikwaa. Siku ya tatu usiku ndipo alipomwonyesha dada yake uvimbe kwenye kinena, mkubwa kama yai, unauma hata kitenge kikiugusa. Mtoki. Alikuwa ameuficha kwa aibu, si unajua mahali penyewe. Siku ya tano walimzika.

Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, watu walikuwa wameshapata jibu. Bibi mdogo alikuwa mke wa pili. Wiki moja kabla ya kuugua alikuwa amegombana na mke mkubwa kwa ajili ya kipande cha shamba la viazi, na majirani walisikia mke mkubwa akimwambia, "Tutaona nani atayachimba." Kwa kijiji kizima hiyo ikawa ndiyo hukumu. Mke mkubwa akarudishwa kwao Mlola, watoto wake wanne wakabaki kwa baba yao, na kuanzia hapo watu wetu na watu wake hawasalimiani. Mama yangu amekua akijua kwamba kuna familia Mlola ambayo ukikutana nayo sokoni unapita upande wa pili. Na mimi nimekua hivyohivyo, bila hata kuzijua sura zao.

Muhula uliopita, kwenye kozi ya mikrobiolojia, tuligawiwa mada za semina. Waliowahi wakachukua kipindupindu na kifua kikuu, mada ambazo madesa yake yapo tangu enzi za kaka zetu. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu. Niliporudi nikakuta imebaki moja tu: ATPesi zinazoendesha mifumo ya kutoa protini katika bakteria wa Gram hasi. Kichwa cha habari peke yake kilinimaliza. Nikapiga msuli wiki mbili, na kila makala niliyofungua ilinirudisha kwa mdudu mmoja. Yersinia. Yersinia pestis, bakteria wa tauni. Ukurasa wa kwanza wa makala mojawapo ulitaja mahali ambapo tauni imewahi kusumbua kwa miaka mingi, na pale katikati limekaa jina la Lushoto.

Nilikuwa najua kijuujuu kwamba kwetu kuliwahi kuwa na tauni. Sikujua ukubwa wake. Ugonjwa ulianza kuripotiwa Usambara Magharibi mwaka 1980, ukawa unaibuka na kutulia, unaibuka na kutulia, mpaka 2004. Katika kipindi hicho waliougua wilayani Lushoto walizidi 7,000, na waliokufa walizidi 500. Wanawake na watoto ndio walioumia zaidi. Watafiti wa SUA, Morogoro, waliranda kwenye vijiji vyetu miaka na miaka wakitega panya, wakiwachana manyoya kuhesabu viroboto, wakipima damu za mbwa. Shume imo. Mlola imo. Mtae imo. Na mwaka 1988 uko ndani ya kipindi hicho.

Kwa hiyo swali la nani alimuua bibi mdogo lina jibu, na jibu hilo limeandikwa. Ila mimi nilitaka kujua zaidi ya jina la ugonjwa. Nilitaka kujua ilikuwaje msichana wa miaka 24, mwenye nguvu za kubeba gunia la viazi mgongoni, azimike ndani ya siku tano. Nivumilieni hapa kidogo, maana ndipo ile mada ya semina iliponipa nilichokuwa nakitafuta.

Tuanze na hilo neno Gram hasi. Mwaka 1884 daktari wa Denmark aitwaye Hans Christian Gram alibuni njia ya kuwapaka bakteria rangi ili waonekane vizuri kwenye hadubini. Wengine walibaki na rangi ya zambarau hata baada ya kusafishwa kwa alkoholi. Hao tunawaita Gram chanya. Wengine rangi iliwatoka, wakalazimika kupakwa nyingine nyekundu. Hao ndio Gram hasi. Sababu iko kwenye ukuta. Gram hasi ana tando mbili, wa ndani na wa nje, na katikati yake kuna ukuta mwembamba. Wa kipindupindu ni Gram hasi, wa homa ya matumbo ni Gram hasi, wa kuhara damu ni Gram hasi, na wa tauni naye yumo.

Tando mbili ni kinga nzuri, lakini zina gharama. Bakteria akitaka kutoa protini nje lazima aivushe milango miwili. Na akitaka kuiingiza ndani ya seli ya mtu, kuna mlango wa tatu, utando wa seli yenyewe. Wataalamu wamekwisha kutambua mifumo mingi ya kuvusha protini na wameipa namba. Anaoutumia Yersinia kutuumiza ni wa aina ya tatu, na kwa umbo ni sindano. Sisemi kwa mafumbo. Ukiangalia picha za hadubini ya elektroni unaona kitako kilichopenya tando zote mbili, na juu yake mrija mwembamba umechomoza nje. Ncha ya mrija ikigusa seli yetu, njia inafunguka kutoka tumboni mwa bakteria moja kwa moja hadi ndani ya seli, bila tone kumwagika nje.

Tatizo ni tundu la huo mrija. Upana wake ni kama nanomita 2 tu. Protini iliyokwisha kukunjwa haipiti hapo.

Mama yangu anafuma masweta ya wanafunzi, kwa hiyo kwetu nyumbani nimekua katikati ya mafundo ya uzi. Protini ikiwa tayari kwa kazi imejikunja kama fundo la sufu. Jaribu kulipitisha fundo zima kwenye tundu la sindano ya kufumia, haiwezekani. Lazima utafute ncha, uivute, fundo lifumuke, uzi upite mmoja mmoja. Na ndani ya bakteria kuna mfumuaji. Anaitwa YscN. Ni ATPesi, yaani kimeng'enya kinachovunja ATP na kuitumia nguvu inayotoka. Nakala zake sita zinakaa duara chini ya kitako cha sindano, upande wa ndani. Protini za kutumwa, zinazoitwa Yop, nyingi hazifiki hapo peke yake. Kila moja inakuja na msindikizaji, protini nyingine ndogo inayoishikilia isijikunje vibaya wala kufanya fujo kabla ya wakati. YscN anamtenga msindikizaji, anaufumua uzi, na kuuelekeza kwenye tundu. Mwaka 2005 Yukihiro Akeda na Jorge Galán walionyesha kazi hiyo kwa ndugu yake YscN anayeishi ndani ya Salmonella, aitwaye InvC: mpe ATP, anamwachanisha msindikizaji na mzigo wake, kisha anaufumua mzigo.

Hapa niseme kidogo kuhusu madesa. Mengi yanaandika kwamba ATPesi ndiyo "inayosukuma" protini kutoka, basi. Ukisoma zaidi unakuta si rahisi hivyo. Kuna nguvu ya pili, ile inayotokana na protoni kurundikana upande mmoja wa utando, na inaonekana hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kusafirisha uzi ukishaanza kupita. Kwenye mkia wa kuogelea wa bakteria, ambao umejengwa kwa mfumo wa ukoo huohuo, mwaka 2008 ilionekana kwamba hata ukiondoa ATPesi, protini kadhaa bado zinaweza kutoka. Kwa hiyo YscN si injini peke yake. Yeye ni zaidi ya yule kondakta wa Coaster ya Mombo anayewapanga watu mlangoni, mmoja baada ya mwingine, mizigo juu, kuku chini ya kiti, wakati gari linasukumwa na kitu kingine. Lakini kwa tauni, mtoe kondakta huyo uone. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambapo walimwondolea Yersinia pestis jeni ya YscN. Bakteria aliyebaki alishindwa kuwaua panya wa maabara kwa tauni ya mitoki, na zaidi ya hapo, panya waliochanjwa kwa bakteria huyo walikingwa dhidi ya tauni yenyewe. Protini moja tu.

Sasa kuna jambo lililonifanya niache kusoma usiku ule nikatoka kwenda kukaa kwenye ngazi za hosteli. YscN ni ndugu wa ATP sinthesi. Ile, ile ya kidato cha tano! Ile iliyowapa Paul Boyer na John Walker sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, inayozunguka kwenye mitokondria zetu mchana na usiku. Nayo ina sehemu sita zilizokaa duara na mhimili katikati. Ukiilinganisha mifuatano ya asidi za amino na maumbo yao unaona ni ukoo mmoja ulioachana zamani sana. Mmoja anaunda ATP, mwenzake anaivunja. Mtu mzima kwa siku anavunja na kuunda upya ATP inayokaribia uzito wa mwili wake, na karibu yote inapita kwenye mashine hiyo. Bibi mdogo alipanda vilima vya Shume kwa mashine hiyo. Na kilichomlaza kitandani kilitumia binamu yake.

Sindano haijengwi ovyo. Ndani ya kiroboto kuna ubaridi, hasa milimani kwetu, na bakteria anakaa bila sindano. Akiingia mwilini mwa mtu anakutana na nyuzi 37, na joto hilo ndilo linaloziwasha jeni za kujenga mfumo mzima. Jeni hizo zimekaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilichojitenga na kromosomu. Mfumo ukishakamilika, sindano haichomi seli yoyote tu. Katika panya imeonekana kwamba zinazolengwa hasa ni seli za ulinzi: makrofaji, nyutrofili na wenzao. Na Yop zinazoingizwa kila moja ina kazi yake. YopE inavuruga mifupa ya ndani ya seli, ile ya aktini, hadi makrofaji anashindwa kujinyoosha na kummeza adui. YopH inafuta alama za fosfeti ambazo seli inazitumia kupashana habari. YopJ inazima njia za kupiga yowe, zile ambazo zingewaita wengine.

Soma tena hapo. Mlinzi anafungwa mikono, kisha anazibwa mdomo. Bakteria anazaliana kwenye tezi ya kinena, tezi inavimba inakuwa mtoki, na sehemu kubwa ya ulinzi wa mwili haijajua kumetokea nini. Mwili unapokuja kushtuka, bakteria wameshakuwa wengi mno na wameshaingia kwenye damu. Tauni ya mitoki isipotibiwa inaua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Kutoka kuumwa na kiroboto mpaka homa ya kwanza ni siku 1 hadi 7. Siku tano za bibi mdogo zinahesabiwa baada ya hapo, kuanzia homa.

Na kinachouma zaidi ni kwamba dawa ipo na si ya ajabu. Streptomaisini inaitibu tauni tangu miaka ya 1940. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika hapahapa Tanzania kwa wagonjwa 65 wa tauni, wengine wakipewa gentamaisini na wengine doksisaiklini, na dawa zote mbili ziliponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Dawa hizi hazimgusi YscN hata kidogo. Zinakwenda kwenye ribosomu, zinamzuia bakteria kutengeneza protini zake. Wapo wanaotafuta molekuli za kuibana YscN yenyewe, ili bakteria abaki hai lakini bila silaha, na ni utafiti mzuri. Lakini siku ya pili ya homa mwaka 1988 hakuna aliyehitaji utafiti huo. Ilihitajika sindano ya kawaida na mtu wa kumwambia bibi mdogo kwamba mtoki hauna aibu.

Nilikwenda BTP mwezi wa saba, nikapangiwa shule moja ya sekondari wilayani kwetu, kidato cha tano, upumuaji wa seli. Nilichora ATP sinthesi ubaoni kwa chaki tatu za rangi. Nilipomaliza, msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, na wadudu wa magonjwa nao wana ATP?" Nikasema wanayo. "Wanaifanyia nini?" Kengele ilikuwa imeshagonga, nikachukua dakika kumi za mapumziko yao nikawasimulia sindano. Hakuna aliyetoka. Kumbe wawili kati yao wametoka vijiji ambavyo wazee wao wanakumbuka unga uliomwagwa kwenye sakafu kuua viroboto. Ilinishangaza kwamba kwenye silabasi yote ya baiolojia niliyosoma, shuleni mpaka chuoni, mifano ya tauni niliyokutana nayo ilikuwa ya Ulaya ya karne ya 14. Meli na panya. Shume ingetosha.

Jumamosi moja ya mwezi huohuo nilikuwa nyumbani, tunamenya peasi na Bibi nje ya jiko. Bibi ananiita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, mnaujua. Nikamwambia nimesoma habari za ugonjwa uliomchukua mdogo wake. Akanyamaza. Nikamweleza polepole, kwa maneno ya nyumbani: kuna mdudu hata jicho halimwoni, anakaa kwa panya, kiroboto anamnyonya panya na kumuuma mtu, na mdudu huyo ana sindano. Nikachukua fundo la sufu la mama nikamwonyesha uzi unavyofumuliwa ili upite kwenye tundu dogo. Nikamwambia kinachotiwa na sindano hiyo kinawafumba midomo walinzi wa mwili, ndiyo maana bibi mdogo alionekana ana homa tu, kumbe ndani mambo yalikuwa yameharibika.

Bibi alikuwa msikivu sana. Nilitegemea angebisha, hakubisha. Akauliza, "Huyo mdudu, mtu anaweza kumtuma?"

Nikasema hapana, Bibi. Hatumwi na mtu.

"Na maneno ya mtu, mtu akisema kwa hasira?"

Nikasema maneno hayamfikii.

Akaendelea kumenya. Peasi mbili, tatu. Halafu akasema, si kwa kuniuliza mimi, "Basi yule mama tulimfukuza bure." Na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka nyumbani: kwamba aliyekuja na yale maneno ya "tutaona nani atayachimba" mbele ya wazee, siku ile ya mazishi, alikuwa ni Bibi mwenyewe. Aliyasikia kwa majirani, akayasimamisha mbele ya kikao. Alikuwa na miaka 35, amemzika mdogo wake asubuhi.

Sikusema kitu. Ualimu unatufundisha kusubiri baada ya swali, sekunde tatu mpaka tano, na sijawahi kuona zinakuwa ndefu vile.

Kisha akaja na swali ambalo mpaka leo ninalibeba. "Sasa mke mwenza, nieleze hili. Mimi nililala naye kitanda kimoja siku nne. Viroboto vilikuwa vinatuuma wote, asubuhi tunaonyeshana alama. Mbona alimchagua yeye?"

Ninazo nusu za majibu. Si kila kiroboto ana bakteria. Hata kijiji kikiwa na tauni, wenye maambukizi huwa ni wachache kati ya wengi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walikuta kwamba kwenye vijiji vyetu vilivyopigwa sana, viroboto wa binadamu, wale wanaokaa kwenye sakafu ya udongo na matandiko, walikuwa wengi kuliko kwenye vijiji vilivyopona, kwa hiyo inawezekana pia kwamba si kila kilichowauma kilitoka kwa panya. Labda bibi mdogo alikwishaumwa kabla Bibi hajafika. Kwa hesabu ya siku, hilo ndilo linaloelekea zaidi. Labda alikuwa anaingia darini kushusha mahindi, na panya wa nyumbani wanapenda dari. Na Bibi anakumbuka kwamba baada ya mazishi watu wa afya walipita nyumba hadi nyumba, wakamwaga dawa ya unga sakafuni, wakawapa wote waliokuwepo vidonge vya kumeza kwa siku kadhaa. Huenda vidonge hivyo ndivyo vilivyomwokoa, na asingekuwepo huyu ninayemsimulia.

Nilimwambia yote hayo. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali, lakini niliona halikumtosha, na kwa kweli hata mimi halinitoshi. YscN ananieleza bibi mdogo alikufaje. Kwamba ni yeye na si dada yake aliyekuwa ubavuni, hilo lilikuwa suala la kiroboto gani aliruka upande upi. Watu wa Shume hawakuwa wajinga mwaka 1988. Walikuwa na swali halali, na jibu lililokuwa karibu lilikuwa na jina la mtu.

Mke mkubwa bado yuko hai. Nimeulizia kupitia msichana mmoja wa darasa lile la kidato cha tano ambaye shangazi yake anaishi kijiji hichohicho cha Mlola. Ana zaidi ya miaka 75, macho yamepungua, anaishi na mjukuu. Wale watoto wake wanne, wawili walimfuata walipokua. Mwingine yuko Tanga. Wa nne hakuna aliyejua kunieleza.

Mama hataki. Anasema mambo ya zamani yaachwe yalale, na kwamba mimi na vitabu vyangu tutamuua mama yake kwa presha. Mjomba anasema ikiwa ni kwenda, basi ukoo uende na mbuzi, na kikao kiitwe kwanza, na kikao chenyewe kitachukua mwaka. Bibi hajibishani na yeyote. Wiki jana alinipigia simu, jambo ambalo si kawaida yake, maana huwa anaona simu ni ya kutangaza misiba. Aliniuliza likizo inaanza lini. Nikamwambia UE zinaisha tarehe 14, nikifaulu bila sapu nitakuwa nyumbani tarehe 16.

"Njoo na ile karatasi ya mdudu," akasema. "Yenye picha ya sindano. Nataka umweleze yeye kama ulivyonieleza mimi. Uzi uchukue wa mama yako."

Nauli ya Lushoto mpaka Mlola nimeshaulizia. Picha ninayo kwenye simu, ila nitaitoa nakala kubwa pale stesheni ya chuo, kwa ajili ya macho ya yule mama.